Silabusi Yetu ya Lishe Inamlisha Nani?

Wiki mbili zilizopita mdogo wetu mmoja aliyeingia mwaka wa kwanza wa masta ya lishe aliniandikia saa tano za usiku: “Yaya, tafadhali unitumie madaftari yako yote, hata ya TP. Piga tu picha.” Bandugu mnaosoma ukurasa huu mnajua uzito wa ombi hilo. Kwetu daftari ni mali. Silabusi inanunuliwa, minervali inalipwa kwa dola, na tangu benki za Goma zifunge milango Januari 2025, M23 ilipoushika mji, kila mzazi anajua mwenyewe njia anayopitia ili hizo dola zimfikie. Anayekuachia daftari lake amekutua mzigo kweli. Nikamjibu: kesho.

Kesho yake nikakaa chini kuzipanga karatasi. Nikasoma moja, mbili, na nilipofika kwenye TP ya dietetiki nikasimama. Swali: “Mwandalie mwanamke mjamzito mlo wa siku moja wa kilokalori 2,300.” Jibu langu, kwa mwandiko mzuri kabisa: asubuhi mkate wa ngano nzima na siagi, yogati moja, chungwa; saa sita kuku gramu 150, wali, maharagwe ya kijani; saa kumi tufaha moja; jioni supu ya karoti, samaki, na kipande cha jibini. Kando yake, kwa wino mwekundu: 16 kwa 20. “Vizuri. Angalia nyuzinyuzi.”

Hakuna aliyeniuliza huyo mama anaishi kata gani. Hakuna aliyeuliza bei. Hakuna aliyeuliza kama atakula peke yake hiyo kuku huku watoto wakimwangalia. Na mimi mwenyewe, nakumbuka vizuri, siku ile nilikuwa nimekunywa chai kavu asubuhi na sikula tena mpaka usiku. Nilimpangia mtu milo minne nikiwa na njaa, na sikuona chochote cha ajabu.

Ndiyo maana nataka kuikosoa silabusi hii kama watu wanavyokosoa kitabu. Ni maandishi kama maandishi mengine: kuna mtu aliyeyaandika, kuna msomaji aliyemfikiria, kuna alivyoviona na alivyovipita. Chuo sitakitaja. Mwalimu pia sitamtaja, maana alitufundisha kwa moyo, na kuna siku pikipiki hazikutembea mjini akaja kwa miguu kutoka Ndosho, tukamkuta ameshafika kabla yetu. Shida yangu si yeye. Shida yangu ni karatasi.

Nianze na haki yake. Sehemu ya biokemia ni nzuri. Nani anasema msomi wa lishe hahitaji mzunguko wa Krebs? Anauhitaji, la sivyo atauza chai za kupunguza tumbo kwenye Facebook kama wengine. Sehemu ya utapiamlo mkali nayo ni nzuri, pengine kuliko zote. Inafuata protokoli ya taifa: mtoto mwenye mkono chini ya milimita 115, au miguu iliyovimba pande zote mbili, anaingia kwenye matibabu, mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine anatibiwa akiwa nyumbani kwa Plumpy'Nut, mwenye matatizo analazwa, anaanzishiwa maziwa ya F-75, taratibu, kwa sababu ukimshibisha haraka unaweza kumuua. Hata historia tulipewa, kwamba ile pasta ya karanga ilibuniwa miaka ya 1990 na André Briend, daktari Mfaransa, pamoja na kampuni ya Nutriset, na kwamba kabla yake watoto walikuwa wanalazwa majuma kwa majuma wakinywa maziwa ya kukoroga ambayo yalidai maji safi na muuguzi kila saa. Ukitoka kwenye kurasa hizo unaweza kufanya kazi kesho yake.

Kwa hiyo silabusi inamjua mtoto wa Goma akiwa karibu kufa. Kurasa mia mbele inamjua mtu mzima wa kilo 110, mwenye kisukari, mwenye friji, anayehitaji kupunguza jibini. Kati ya hao wawili kuna mji mzima: watu wanaokula bugali na sombe mara moja kwa siku, mara nyingine na maharagi, mara nyingine bila. Hao hawamo. Siku yule mtoto anapopona na kurudi nyumbani kwake, silabusi inamwacha mlangoni.

Hilo sikulielewa darasani. Nililielewa kwenye staji, katika kituo cha afya kimoja upande wa magharibi wa mji. Kulikuwa na mama ambaye mtoto wake alikuwa amemaliza matibabu. Mkono umepita milimita 125, uvimbe umeisha, mtoto anacheka. Kazi yangu ilikuwa kumpa mama ushauri kabla hajatoka. Nikamwambia kama nilivyofundishwa: yai moja kila siku, maziwa, tunda, nyama au samaki mara kadhaa kwa juma. Alinisikiliza vizuri, bila haraka, kisha akasema: “Dokta, sasa hiyo mayai nitatosha wapi? Tuko batu munane mu nyumba, tunakula ku sahani moja.” Sikuwa na jibu. Nikarudia yale yale kwa sauti ya upole zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio yake.

Majuma machache baadaye mtoto alirudi miguu imevimba. Sisemi alirudi kwa sababu ya maneno yangu. Watoto wanarudi kwa sababu nyingi, surua, malaria, maji machafu, baba aliyekosa kibarua. Alipona tena. Lakini safari hii mama hakuningoja nianze. Alisema: “Unielezee kwanza juu ya ile bintu iko ku soko.” Na mimi, mwenye 16 kwa 20, nilijua zaidi juu ya yogati kuliko juu ya vitu vilivyokuwa kwenye soko ninalopita kila siku.

Turudi kwenye karatasi. Jedwali la vyakula tulilopewa lilikuwa fotokopi iliyotolewa kwenye Ciqual, jedwali la Ufaransa. Ni jedwali zuri, limepimwa kwa uangalifu, sina neno nalo. Lakini kwenye kurasa tulizopewa jibini zilijaa safu nzima, na sombe haikuwemo. Lengalenga haikuwemo. Sambaza haikuwemo. (Mtasema: lakini jibini tunayo, ya Masisi! Ni kweli, na ni tamu. Muulize yule mama alikula lini.) Kumbe majedwali yaliyo karibu na sisi yapo. FAO ilitoa moja la Afrika tangu 1968. Tanzania ina la kwake la 2008, kisamvu kikiwa ndani, na kisamvu ni sombe ileile kwa jina la huko. Kenya ilitoa la kwake 2018. Yote yanapatikana bure kwenye intaneti. Sijui kwa nini miaka yote ile hatukufunguliwa hata moja.

Na hata ukilifungua la jirani bado kuna kazi ya kichwa, ambayo ndiyo ingekuwa TP ya maana. Sambaza wa Ziwa Kivu si dagaa wa Ziwa Victoria. Ni samaki aliyetolewa Tanganyika na kuletwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ukisimama Kituku asubuhi unaona jinsi mgeni huyo alivyogeuka mwenyeji. Tena kuna mbichi na mkavu. Katika memwari yangu ya lisansi nilichukua thamani ya samaki mbichi nikaiweka kwa samaki mkavu. Mkavu amepoteza maji, kwa hiyo gramu mia moja zake zina protini karibu mara tatu ya mbichi. Kosa hilo lilipita mbele ya watu watatu, nami nikapigiwa makofi.

Kuna kanuni moja kwenye silabusi ambayo kila nikiikumbuka nakuna kichwa: “Mboga zisipikwe kwa muda mrefu, ili kulinda vitamini.” Kwa maharagwe ya kijani, sawa. Sasa jaribu na sombe. Majani ya muhogo yana vitu ambavyo jani likipondwa hutoa sianidi. Ndiyo sababu mama zetu wanayatwanga mpaka yalainike, halafu wanayachemsha saa nzima na zaidi, sufuria ikiwa wazi. Kutwanga kunaifungua ile sumu, moto na mvuke vinaitoa. Vitamini C nyingi inapotea, ndiyo, lakini unabaki na protini, unabaki na karotini, na unabaki mzima. Anayemwambia mama wa Goma apunguze kupika sombe kwa sababu kitabu kimesema mboga zisiive sana, anamwambia jambo la hatari. Silabusi ingeandika mistari minne tu: sombe ni tofauti, sababu ni hii, kinachopotea ni hiki, kirudishe kwa ndimu au pera. Wamama wanajua namna ya kupika. Sisi ndio tunaojua sababu, au tungepaswa kujua.

Mawese vilevile. Mafuta ya mawese mekundu yana karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na karotini inahitaji mafuta ili iingie mwilini, kwa hiyo sombe na mawese ni ndoa nzuri kabisa. Lakini nyumba nyingi zinayachoma kwanza mafuta mpaka rangi nyekundu iishe, kwa sababu hawapendi ile ladha. Rangi ikiisha na karotini imekwenda. Hapo kuna ushauri ambao hauongezi hata franka moja kwenye matumizi ya nyumba: usiyachome mpaka yawe meupe. Kwenye silabusi, mafuta ya mawese yametajwa mara moja tu, kwenye orodha ya mafuta yenye asidi nzito ambayo wagonjwa wa moyo wayapunguze.

Sasa damu. Tulijifunza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu. Tulikariri, tuliandika kwenye mtihani. Hakuna aliyetukumbusha kwamba Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Kwenye mwinuko oksijeni ni kidogo, mwili unatengeneza hemoglobini zaidi, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka kipimo kirekebishwe kabla ya kulinganishwa. Kwa miongozo ya zamani, kwenye mita 1,500 unatoa 0.5, miongozo mipya ya 2024 inatoa zaidi ya hapo. Maana yake mtoto wa Katindo mwenye 11.3 ambaye mimi na wewe tungemwambia mama yake “iko sawa, endeni”, hayuko sawa. Hesabu yenyewe ni kutoa tu, mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Lakini silabusi iliyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari haikuwa na sababu ya kuiweka, na anayeinakili hakuinua macho kutazama Nyiragongo.

Kuhusu uchunguzi wa chakula cha saa 24, nitapita haraka kwa kuwa kila mtu aliyewahi kuufanya Goma anajua kinachotokea. Unamuuliza mtu: jana ulikula gramu ngapi? Watu sita wamezunguka sahani moja, mkubwa ana mkono mrefu, mdogo anapata kinachobaki. Tulifundishwa kuuliza kwa kutumia picha za sahani za mtu mmoja mmoja. Tukajaza fomu. Namba zikatoka safi. Sitaki kuziona tena.

Lakini hapa kwenye nguvu za mwili nataka kukaa kidogo. Tulipewa ile fomula ya Harris na Benedict ya 1919, iliyotengenezwa kwa vipimo vya Wamarekani wasiofika mia tatu, halafu tukapewa jedwali dogo la kuzidisha kulingana na kazi: mtu wa ofisi, mtu anayetembea kidogo, mwanamichezo. Niliuliza siku moja: mtu wa chukudu anawekwa wapi? Oditwari nzima ikacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akasema, mweke kwa mwanamichezo. Tukaandika. Mtu anayesukuma magunia ya viazi kwenye barabara ya mawe ya volkano, saa nane kwa siku, siku sita, pengine kwa mlo mmoja: mwanamichezo. Na mama anayepakasa mizigo pale Birere, kamba kwenye kipaji cha uso, mtoto tumboni? Yeye alikuwa kwenye swali letu la mjamzito, kama umeona. Tulimpa kilokalori 2,300 na tufaha.

Nilidhani shida ni kwamba wazungu hawakutufikiria. Baadaye nikapata ile ripoti ya FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyotoka 2004, na mwishoni mwake kuna majedwali marefu: kuteka maji, kutwanga nafaka, kubeba mzigo, kuvuta mkokoteni, kila kazi na nguvu zake. Kwa hiyo mtu alishapima. Waliotuacha nje ni sisi wenyewe, pale tulipochagua kurasa za kunakili.

Na hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu Kivu si jangwa la elimu ya lishe. Lwiro iko kule Kabare, njia ya kaskazini ya Bukavu. IRSAC ilianzishwa 1947, na leo jengo lile bado ni kituo cha utafiti. Madaktari wa pale waliwachunguza watoto wa bwaki kwa miaka mingi. Kutoka hapo hapo utafiti ukafika Idjwi, kisiwa ambacho kila mmoja wetu amekiona akisafiri kwa boti kwenda Bukavu. Miaka ya 1960 walikuta kitendawili: iodini ilikuwa ndogo kisiwa kizima, lakini upande wa kaskazini watu wengi walikuwa na rovu shingoni, na kusini-magharibi wachache tu. Kwa nini? Wakaanza kuutazama muhogo. Ile sianidi ya muhogo, mwili ukiishughulikia, inageuka tiosianati, na tiosianati inaizuia iodini isiingie kwenye tezi. Ukikosa iodini na ukala muhogo usioandaliwa vizuri, unaumia mara mbili. Jambo hilo leo linafundishwa duniani kote, na mfano wake ni Idjwi. Sisi tulifundishwa iodini kwa mfano wa milima ya Uswisi. Naapa. Tulichora hata ramani ya Alpi.

Tukitaja bwaki, tukumbuke na jina lake la kitabuni. Kwashiorkor ni neno la lugha ya Ga, la watu wa Accra. Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika, aliwasikia wamama wa huko wakiuita hivyo ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa, akaliandika kwenye The Lancet mwaka 1935. Yaani neno maarufu kuliko yote kwenye kozi yetu lilipatikana kwa mtu kumsikiliza mama. Mama wa hapa naye ana neno, anasema bwaki, na mara nyingi analisema kwa sauti ya chini. Kwenye silabusi halimo. Unaweza kumaliza masta na alama nzuri, ukakaa mbele ya mama anayekwambia mtoto ana bwaki, ukamwandikia “mama hajui jina la ugonjwa”.

Tena silabusi bado inaeleza kwashiorkor kwa mstari mmoja: ukosefu wa protini. Donald McLaren alishaupiga mstari huo 1974, kwenye The Lancet hilo hilo, akauita fedheha ya protini. Mwaka 2013 watafiti waliofuata mapacha wa Malawi, wanaokula chungu kimoja, mmoja akiugua na mwenzake mzima, walionyesha kwamba hata vijidudu vya utumbo vina sehemu yao. Mpaka leo hakuna jibu moja. Mwanafunzi wa masta ana haki ya kuambiwa kwamba swali bado liko wazi, hasa anayeishi mahali ambapo miguu iliyovimba haijawa historia.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu wenzangu wawili wameshanijibu kwa WhatsApp. Wa kwanza alisema: kazi ziko kwenye mashirika, na mashirika yanataka viwango vya kimataifa, si sombe. Lakini nimeonyesha hapo juu, marekebisho ya mwinuko ni kiwango cha kimataifa. Jedwali la kubeba maji ni la kimataifa. Tunachofundishwa sisi ni kipande cha kiwango, kile kinachofaa kwa mtu wa mbali. Tena tangu 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, nani hajaona wenzetu wenye vyeti vya mashirika wakikaa nyumbani? Wa pili alisema: chuo hakina maabara, tutapima nini? Huyo ana hoja. Walimu wanalipwa kwa taabu, umeme unakatika, na silabusi ya zamani ni rahisi kurithiwa kuliko kuandikwa upya. Sikatai.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halihitaji maabara, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Ule mchoro wa UNICEF wa 1990 wa sababu za utapiamlo umo kwenye silabusi, ukurasa mzima. Juu kabisa ni chakula na ugonjwa, chini yake nyumba na huduma, chini kabisa uchumi, siasa, nani anamiliki nini. Umechorwa vizuri. Halafu kuanzia ukurasa unaofuata hadi mwisho, kila tatizo linajibiwa kwa maneno mawili: “kumuelimisha mama.” Barabara ya Rutshuru ilipofungwa na vita, maharagi na viazi vilipanda bei Goma mbele ya macho yetu. Wamama walikuwa wameelimika siku ile kama walivyokuwa siku iliyotangulia. Tukiendelea kujibu hivyo tunamlaza yule mama wa watu wanane kwenye kitanda cha mtuhumiwa, na sisi tunavaa koti jeupe.

Basi, madaftari. Nilifikiria kumtumia mdogo wetu yalivyo, maana mtihani utauliza yale yale. Mwishowe nilichukua mizani ya jikoni ya dada yangu nikaenda soko la Alanine, siku tatu tofauti. Nilinunua vya franka sawa kwa kila kitu: maharagi, fretini kavu, sambaza mbichi, mayai, nyama, unga wa sosoma, fungu la lengalenga, sombe iliyotwangwa tayari. Nikapima, nikatafuta thamani kwenye jedwali la Tanzania na la Kenya, nikaandika protini unayoipata kwa fedha ile ile. Maharagi yalishinda siku zote tatu, bila kukaribiwa. Fretini ilifuata, na muuzaji mmoja alinionyesha kwamba ile ya chini ya gunia, iliyovunjika-vunjika, inauzwa rahisi zaidi na ndiyo nzuri kwa uji wa mtoto, unaisaga tu. Mayai yalikuwa mbali. Nyama usiulize. Wauzaji waliniuliza kama mimi ni wa kodi.

Maharagi nayo yana lake: fitati, inayoshika chuma kisiingie vizuri mwilini. Kuloweka usiku kucha kunasaidia, na inaokoa makala, ambayo kwa bei ya leo si jambo dogo. Hilo nimeliandika pia.

Jana nimemtumia. TP ya mjamzito nimeiacha ndani pamoja na ile 16 yake, kwa kuwa atahitaji kujua mwalimu anataka nini, na nyuma yake nimebandika karatasi zangu tano za soko. Alijibu baada ya dakika kumi: “Yaya, sasa ku mtihani niandike ya wapi?” Nimemwambia aandike ya silabusi, kisha chini yake aongeze bei ya kila kitu kama alivyoikuta sokoni wiki hiyo, aone atapewa ngapi. Anafanya mtihani mwezi ujao.

Ukurasa wa Idjwi bado sina. Niliyoandika hapa ni kutoka kwa muhtasari nilioazimwa na kurudisha. Mwenye nakala ya kazi za zamani za Lwiro, hata picha zilizopigwa vibaya, aniandikie hapa chini. Na kama kuna mtu Alanine au Virunga anayeweza kupima fungu la sombe mara moja kwa mwezi, mizani ninayo.